Moto Usioombwa

Matayo alimwaga maji kwenye jiko langu asubuhi ya Jumanne, akaenda akamwaga na kwenye jiko la Taaka, mke mwenzangu, kisha akarudi akachukua kiberiti changu juu ya kichanja na kukitia mfukoni mwa koti. Koti lenyewe lilikuwa la marehemu mume wangu, Okumu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mwiko mkononi, na nasema kweli, kama mwiko ule haungekuwa na ugali ningemkung'uta nao. Ugali ni riziki, haupigiwi mtu.

"Sasa mtapikia wapi?" akaniuliza.

"Kichwani kwako, shemeji," nikamjibu. "Naona pamekwisha kufyekwa."

Matayo hakuwa na unywele hata mmoja tangu ujanani, na hakupenda kukumbushwa. Akalivuta koti la Okumu likamkaa sawa kifuani.

"Wewe Nereah, mdomo yako iko refu kama barabara ya Nairobi. Jumamosi wazee nakuja. Mimi naleta moto kutoka kwangu. Mtapika juu yake, mtanyoa kichwa, maneno kwisha. Mpaka siku ile, hakuna mtu ya hapa atawapa nyinyi kaa. Nimeambia wote."

Akatoka. Sufuria yangu ilikuwa inaelea kwenye jivu.

Lazima nieleze jambo hili la moto, maana wako watu wanaodhani moto ni wa kuchemshia chai tu. Katika ukoo wa mume wangu, mwenye boma akifa, yule ndugu atakayewarithi wajane huleta moto kutoka nyumbani kwake. Anauwasha katikati ya ua, mbele ya wazee, na wajane wanabandika sufuria. Mwanamke akishapika juu ya moto ule, basi amekubali. Hakuna anayemuuliza neno, mkono wake umejibu. Kuombana kaa asubuhi kwa jirani ni jambo la kila siku, halina uzito. Lakini jiko likishamwagiwa maji, anayekupa moto mpya ndiye mkubwa wako, na kilicho chako kiko chini yake. Ndiyo sababu Matayo alikuja na mtungi.

Na kiberiti? Kiberiti kilikuwa mwiko. Tangu mtu azikwe mpaka siku ya kunyoa, njiti ya kiberiti haiwashwi katika boma lake wala katika nyumba za ndugu zake wa tumbo moja. Walisema moto wa dukani hauna baba, na ukiletwa kwenye matanga utajitafutia mtoto wa kumchukua. Wewe unaweza kucheka. Mimi hasira ninazo, lakini sikuwa na hamu ya kuzika mtoto ili nithibitishe kwamba wazee ni waongo.

Huo ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru wa Uganda, na mpaka wa Busia ulikuwa umeanza kunona. Malori yalikuwa yanapita kwenda Tororo na kurudi, na madereva walitaka mahali pa kulala. Shamba letu lilikuwa kando ya barabara hiyo. Matayo alikuwa amekwisha kupima kwa macho vyumba vyake vitakaa wapi: hapa pa pamba ya Taaka vyumba vinne, pale kwenye nyumba yangu baa. Sisi wawili tulikuwa sehemu ya kiwanja, kama visiki. Visiki unaving'oa, au unavikalia.

Mimi ni mtoto wa ng'ambo, upande wa Kenya. Nilikuwa nachukua ngege, samaki wa ziwani waliokaushwa kwa moshi, kutoka Sio Port na kuwauza soko la Busia, na ndivyo Okumu alivyonikuta. Nilimpenda Okumu. Nilimpenda yeye, si kiti chake, kwamba akiinuka mwingine akikalie. Alipokufa sikulia, kwa sababu kabla machozi hayajafika Matayo alikuwa tayari amevaa koti.

Taaka alikuwa mke mkubwa. Nilipoingia katika boma lile alinikaribisha kwa zawadi ya chungu chenye ufa. Nami nikamrudishia chungu kikiwa na kichwa cha samaki ndani. Tangu hapo hatukusemezana. Lakini wanawake wawili hawawezi kuishi ua mmoja bila kupashana habari, mvua inanyesha, nguo ziko nje, ng'ombe wa watu ameingia kwenye mtama. Kwa hiyo tulikuwa tunasema kupitia mbuzi. Okumu alikuwa na beberu mmoja aliyefungwa karibu na ghala, na huyo ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Okumu alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Asubuhi ile Taaka alitoka jikoni kwake, jivu bichi mpaka kwenye viwiko. Akaenda akasimama mbele ya beberu.

"Mbuzi," akasema, "ambia huyo mwanamke mimi sitapika juu ya moto ya Matayo. Hata nikufe."

Nikasogea upande wa pili wa mbuzi. "Mbuzi, mwambie mama huyo kwamba hata mimi."

Beberu aliendelea kutafuna.

"Ambia yeye hii pamba nalima mimi. Wakati Okumu alikuwa mgonjwa, nalima mimi."

"Mwambie namjua aliyelima. Sikusema si yeye."

Nilimwona Taaka anamwangalia mbuzi, kisha miguu yangu, kisha mbuzi tena. "Ambia yeye baba yangu alikuwa mrina asali. Alikuwa anatembea mpaka Sop Sop, mpaka mbele huko, na hakuna siku alibeba kiberiti."

Nilielewa mara moja. Nikaelewa pia kwa nini aliniambia mimi. Kupekecha moto kwa vijiti kunataka mikono miwili miwili. Jozi moja ikifika chini ya kijiti, jozi nyingine lazima iwe imekwisha kukamata juu, kijiti kisisimame hata kwa pumzi moja. Mwanamume mwenye nguvu huenda akaweza peke yake. Taaka hangeweza, wala mimi. Na katika boma lile alibaki mtu mmoja tu wa kumsaidia, naye alikuwa ni mimi.

Watoto tuliwapeleka ng'ambo kwa mama yangu, maana mtoto hashindi njaa kwa ajili ya ugomvi wa wakubwa. Sisi wenyewe tulikula ngege wangu na ndizi mbivu. Matayo alitegemea njaa itusukume, akasahau mjane mmoja anauza samaki waliokwisha kuiva. Nilikuwa nakalia kigoda pale uani, nauchambua mwiba mmoja mmoja taratibu, ili kila apitaye barabarani aone jinsi ninavyoshiba.

Taaka alikata kipande cha mkuyu mkavu, laini, upana wa kiganja, akakitoboa kishimo na kukichonga mkato pembeni ili unga wa mti upate pa kumwagikia. Hicho ndicho cha chini. Cha juu kilikuwa kijiti cha mkole, kilichonyooka, kigumu. Tukaenda navyo kwenye shamba la pamba, upande wa bondeni, mbali na macho ya watu.

Tukapiga magoti tukiangaliana. Akaweka mguu juu ya mkuyu kuushikilia, akaanza yeye. Viganja vyake vikasugua kijiti vikishuka, vikafika chini, nikadaka juu. Kikaniteleza. Nikadaka tena, kikateleza tena, kikaruka kikampiga Taaka paji la uso.

Akafungua mdomo, akatazama kushoto na kulia. Kule shambani hakukuwa na mbuzi. Nilimwona akitafuta kitu cha kuambia, akaangalia hata mti wa pamba. Mwisho akaniangalia mimi.

"Mikono yako iko na mafuta ya samaki," akasema.

"Ndiyo kazi yangu."

"Najua ni kazi yako. Nanusa hiyo kazi miaka yote. Paka jivu."

Ndivyo tulivyoanza kusemezana, kwa tusi, na nilifurahi kuliko nilivyotaka aone. Tukarudi nyumbani, nikachota jivu la jiko alilolizima Matayo, nikalianika juani kwenye ungo. Jivu la jikoni kwangu na la jikoni kwake, pamoja. Chakula chote alichokula Okumu katika boma lile kilitokana na moto uliotuachia jivu hilo.

Hata na jivu, Jumatano hatukupata kitu. Nilikuwa nakandamiza kwa hasira, kijiti kikatoboa mkuyu mpaka upande wa pili, tukabaki na bao lenye tundu. Taaka akachonga jingine bila kuniangalia. Alhamisi tulipata unga, lakini ulikuwa mweupe, wa kukwaruzika, na Taaka alisema baba yake angeutupa. Akatia chembe mbili za mchanga wa mtoni kwenye kishimo. Ijumaa unga ukatoka mweusi, moshi ukapanda, nikasahau nikapiga kelele, na pumzi yangu ikaupeperusha unga wote kwenye majani.

Hakunigombeza. Alitazama viganja vyake. Vilikuwa na malengelenge, na vyangu hivyo hivyo.

"Tumalizie jioni hii," nikasema. "Kesho wakija wakute umewaka."

"Hapana. Wakikuta unawaka, Matayo atasema ni kiberiti, na wazee watamwamini. Tunapekecha mbele ya macho yao."

"Na tukishindwa mbele ya macho yao?"

"Basi tutashindwa kama watu," akasema Taaka. "Siyo kama kuku, nyuma ya nyumba."

Jumamosi walikuja jua likiwa bado kali. Mzee Rasto, mkubwa wa ukoo, alitangulia akiwa amebebewa kigoda chake. Nyuma yake wazee wengine, na nyuma yao kila mtu aliyekuwa hana kazi kati ya pale na Busia sokoni. Matayo alikuja na kigae cha chungu mikononi, makaa ndani yake yamefunikwa jivu, anayapuliza kila baada ya hatua kadhaa mashavu yakimvimba. Alivaa koti. Mkewe Peninah alifuata na mzigo wa kuni kichwani na kibuyu mkononi, kibuyu kinadondosha maji. Peninah alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu tulipofiwa alikuwa hata hayo machache ameyaacha. Nilidhani amekata tamaa. Nani anapenda kuletewa wake wenza wawili kwa siku moja, na mmoja wao awe mimi?

Mzee Rasto alikaa, akatuangalia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea mambo kwenda.

"Wanawake ya Okumu," akasema, "boma hii iko baridi. Shemeji yenu ameleta moto. Nani ataweka sufuria?"

"Mzee, tunakushukuru kwa kufika," nikasema, na nikapiga magoti, kwa kuwa heshima haikatazi mtu kukataa. "Sufuria tutaweka. Lakini moto tunawasha wetu."

Watu wakacheka. Matayo alicheka kuliko wote. "Na kiberiti gani? Iko hapa." Akagonga mfuko wa koti, kiberiti kikalia. "Ama nyinyi nataka kuzika mtoto?"

Taaka akafungua kitambaa kiunoni, akatoa bao la mkuyu na kijiti cha mkole, akaviweka chini katikati ya ua. Kicheko kikapungua. Vijana hawakujua ni nini, lakini wazee walijua, na mmoja wao aliinama kutazama vizuri.

"Hii kitu si ya mwanamke," akasema yule mzee. "Kijiti ya juu nashika mwanamume. Mwanamke nashika ya chini. Ndivyo iko."

"Mwanamume yetu iko ndani ya udongo, pale," Taaka akasema, na akaonyesha kaburi kwa kidevu. "Nyinyi mlimfukia, sisi tukiona. Sasa kijiti ya juu imebaki bila mtu. Tutashika wenyewe."

Lori likapita barabarani. Mzee Rasto akaweka fimbo yake magotini. "Waache," akasema. "Watachoka."

Tukaanza. Niliweka ungo wa jivu ubavuni kwangu, na karibu yake tukaweka kiota cha kupokea moto, tulichokitengeneza kwa nyuzi za mgomba na pamba ya Taaka, pamba ambayo Matayo alitaka kujengea vyumba juu yake. Taaka akashuka, nikadaka. Nikashuka, akadaka. Kijiti kilikuwa kinalia juu ya mkuyu. Watu walikuwa wakisemasema, wengine wanahesabu, mwingine akauliza kama tunasaga wimbi. Matayo alizunguka ua na kigae chake kama bwana harusi, akisema na kila mtu, akieleza baa itakuwa na viti vingapi.

Jasho likanichoma macho. Lengelenge la kiganja cha kulia likapasuka, na kijiti kikaanza kuteleza, safari hii si kwa mafuta. Nikakosa kudaka. Ilikuwa mara moja tu, lakini mara moja inatosha, moto unapoa. Watu wakaguna.

"Jivu," Taaka akasema, akirudi juu mwenyewe, akichukua zamu yangu juu ya zamu yake. "Nereah, paka jivu. Haraka."

Katika maisha yetu yote hakuwahi kutamka jina langu. Nikatumbukiza kiganja kwenye ungo. Jivu lilipoingia kwenye kidonda nilitaka kulia kama mtoto, lakini Matayo alikuwa amesimama mbele yangu na viatu vyake, na nikasema moyoni, hutaniona, wewe, mpaka jua lianguke hutaniona nikiacha. Nikadaka. Nikashuka. Akadaka.

Unga ukaanza kutoka. Ukatoka wa kahawia, halafu mweusi. Uzi wa moshi ukapanda kwenye mkato, mwembamba, ukajikunja. Watu wakasogea kutazama. Hata Matayo alisimama, na mdomo wake, uliokuwa ukipuliza kigae tangu afike, ukabaki wazi bila kupuliza chochote. Taaka akanitikisia kichwa, tuongeze, na tukaongeza tulichokuwa hatuna. Moshi ukawa mzito. Kisha akainua kijiti.

Ndani ya ule unga mweusi kulikuwa na chembe nyekundu, ndogo kuliko punje ya wimbi.

Taaka akaimimina juu ya pamba, akaifunika na nyuzi za mgomba, akainua kiota kwa mikono yote miwili. Nikadhani atapuliza. Akanipa mimi.

"Hasira yako yote," akaniambia kwa sauti ya chini. "Lakini polepole."

Sijawahi kufanya kitu polepole namna ile. Nilipuliza kama mtu anayepoza uji wa mtoto mchanga. Pamba ikawa nyekundu katikati, ikatafuna pembeni, moshi ukanijaa puani. Nikapuliza. Ikashika. Mwali ukatoka ghafla ukaniunguza nyusi, nikaweka kiota chini, Taaka akarundika vijiti, na katikati ya ua wa Okumu moto ukawaka ambao hatukupewa na mtu.

Hapo ndipo nilipolia. Nilimlilia mume wangu mbele ya watu wote, kwa sauti, na sikujali nani anaona. Taaka alilia pia, akiendelea kuongeza kuni.

Matayo ndiye wa kwanza kurudiwa na ulimi. "Huu moto haina baba," akasema. "Iko sawa na ya kiberiti. Mzee, sema nao."

Mzee Rasto alikuwa ameuangalia moto muda wote. "Kweli," akasema polepole. "Moto ya boma natoka kwa baba. Huu baba yake ni nani?"

Nilikuwa na jibu, na jibu langu lilikuwa na matusi ndani yake. Lakini Taaka aliwahi. Alijifuta uso kwa mkono wa jivu, akapiga magoti mbele ya mzee, na kwa adabu kabisa akamuuliza: "Mzee, na yule baba ya kwanza ya ukoo huu, yule alivuka mto hakuna mtu hapa. Yeye moto alipewa na nani?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akakohoa. Mzee Rasto akaokota kile kijiti cha mkole, akakigeuza, akagusa ncha yake iliyoungua.

"Alipekecha," akasema.

"Hiyo ni maneno ya zamani," Matayo akasema. Sasa sauti ilikuwa imepanda. "Moto ya wanawake ni ya wanawake. Waache waote moto yao. Moto ya boma ni hii yangu." Akafunua jivu kwenye kigae.

Chini ya jivu kulikuwa na jivu. Akapuliza. Likamrukia usoni na juu ya koti la Okumu. Akapuliza tena, akachokora kwa kidole, na kidole hakikuungua. Alikuwa amesimama akitutazama tukitaabika, na makaa yake yakafa mikononi mwake mwenyewe. Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Mfukoni Matayo alikuwa na kiberiti changu kizima, na hakuthubutu kukitoa. Yeye na Okumu walinyonya titi moja, mwiko ulikuwa wake kama ulivyokuwa wetu.

"Peninah," akaita bila kugeuka. "Kimbia nyumbani. Leta kaa ingine."

Peninah alitua mzigo wa kuni. Aliutua taratibu, akaukalisha vizuri chini.

"Nyumbani hakuna," akasema.

"Hakuna namna gani?"

"Wewe ulitoka na kigae, mimi nikamwaga maji. Jiko yote. Imekuwa tope." Akainua kibuyu, tone moja likaanguka. "Nyumba yako iko baridi, baba Patroba."

Nimeishi miaka mingi mpakani, nimeona watu wakikamatwa na askari wa pande zote mbili, lakini sijaona uso kama wa Matayo siku ile. Aliangalia wazee. Wazee waliangalia chini. Peninah akamwendea, akakitwaa kile kigae mikononi mwake kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, akamwaga jivu. Kisha akavuka ua mzima, mgongo umenyooka, akaja akapiga magoti mbele ya Taaka na mbele yangu.

"Mama Kevina," akamwambia Taaka, na alisema kwa sauti ili wasikie mpaka barabarani. "Jiko yangu imemwagiwa maji. Naomba moto."

Hakuna mtu pale asiyejua maana yake. Jiko likishamwagiwa maji, anayekupa moto ndiye mkubwa wako. Matayo akasema, "Peninah, simama." Hakusimama. Akasema tena, na sauti ikamkatika katikati.

Taaka alinitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Akachukua makaa mawili kwa vijiti, akayaweka kwenye kigae, mimi nikayafunika kwa jivu letu kutoka kwenye ungo. Peninah akapokea kwa mikono miwili, akainuka, akashika njia ya nyumbani kwake huku akipuliza. Watu wakampisha.

Mzee Rasto akainuka akatafuta fimbo yake. "Mimi sasa naona njaa," akasema. "Wenye boma, wekeni sufuria."

Tukaweka sufuria. Wazee walikula ngege na ugali wa moto wetu, tukanyolewa, matanga yakavunjwa. Matayo alikuwa amekwisha kuondoka. Koti aliliacha juu ya kamba ya nguo, na kiberiti kimo mfukoni, hakikupungua njiti hata moja.

Watu walipotawanyika Taaka alikwenda kumpa mbuzi maji. Nikamsikia anaanza, "Mbuzi, ambia huyo mwanamke apake mafuta kwa mikono..." Akakatiza hapo, akageuka.

"Paka mafuta kwa mikono," akaniambia. "Hata ya samaki."

Na Matayo? Alikaa nje ya nyumba yake mpaka jua likazama, akisema hali chakula. Lakini alikuwa hajala tangu alfajiri, na Peninah anajua kupika. Mkewe mwenyewe alinieleza sokoni Jumatatu, huku akichagua ngege bila haraka: ule ugali wa moto wetu mumewe aliula wote, akakwangua na ukoko.